Lishe mbadala ya kondoo: Hesabu iliyofichika ndani ya gunia la Marikiti

KILA alfajiri, kabla ya msongamano wa matatu kuziba Barabara ya Haile Selassie jijini Nairobi, malori kutoka Kinangop, Limuru, Murang'a na Kirinyaga huwa yamekwisha kushusha kabichi, viazi, karoti, ndizi na mahindi mabichi katika soko la Wakulima, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Marikiti. Jua linapopanda, bidhaa hizo huwa zimetawanyika hadi Westlands, Kangemi na Kawangware. Kinachobaki sakafuni ni majani ya nje ya kabichi, maganda ya mahindi, ndizi zilizopondeka na viazi vilivyochubuliwa na majembe.

Si mabaki yote yanayoishia jaani. Sehemu yake hutiwa magunia na kusafirishwa kwa mikokoteni na pikipiki hadi kwa wafugaji wa mitaa ya magharibi mwa jiji: Dagoretti, Uthiru, Kinoo na kwingineko kuelekea Kikuyu. Huko, katika vibanda vilivyobanwa kati ya nyumba za kupangisha, hufugwa ng'ombe wa maziwa, nguruwe na, kwa wingi kuliko mpita njia anavyodhani, wana-kondoo wanaonenepeshwa kwa ajili ya Krismasi, Pasaka na Idd-ul-Adha.

Mfugaji wa aina hii hana malisho. Robo ekari aliyorithi imejengwa nyumba, na nyasi za kando ya barabara ya Naivasha zinagombewa na kila mwenye mnyama. Chakula cha dukani nacho kimekuwa mzigo. Ukame uliotokana na kukosekana kwa mvua kwa misimu mitano mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2022 uliua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini Kenya, huku bei za mahindi na mashudu zikipanda kiasi kwamba serikali iliondoa ushuru kwa muda kwa baadhi ya malighafi za lishe zilizoagizwa kutoka nje. Ni katika miaka hiyo ambapo msemo wa "lishe mbadala" ulienea hata kwa watu ambao hawakuwa wamewahi kuhudhuria semina ya ufugaji.

Msemo huo una mvuto, lakini pia una mtego. Gunia la bei nafuu si lazima liwe na chakula cha bei nafuu. Ili kulielewa jambo hili, hapana budi kuanza na maji.

Jani la kabichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 90. Katika gunia la kilo 50 la majani hayo, kitu kikavu, yaani kile ambacho mnyama anakitumia kujenga mwili, hakizidi kilo tano hivi. Kilo tano hizo ni sawa na takriban kilo sita tu za pumba za mahindi. Kwa hiyo mfugaji anayelipia gunia, mkokoteni na kuli wa kulipakia, kwa sehemu kubwa amelipia usafiri wa maji kutoka katikati ya jiji hadi Uthiru, mahali ambapo maji, hata kama ni ya mgao, hupatikana bila kubebwa ndani ya kabichi.

Upo ugumu mwingine. Mwana-kondoo wa kilo 20 anayenenepeshwa huhitaji gramu 800 hadi 900 za kitu kikavu kwa siku, kiasi cha asilimia nne ya uzito wake au kuzidi kidogo. Kuzipata kutokana na kabichi pekee, ingempasa ale kilo nane au tisa za majani kila siku. Tumbo lake halina nafasi hiyo. Atakula hadi ashibe, tumbo litavimba kama ngoma, mwenye naye atafurahi, kumbe mnyama ameshiba maji. Mizani ikiletwa baada ya mwezi ndipo ukweli unapojulikana, na wafugaji wengi hawana mizani.

Baada ya maji huja protini. Chakula cha mwana-kondoo anayekua kinatakiwa kuwa na protini ya asilimia 14 hadi 16 ya kitu kikavu. Mabingobingo, yale majani marefu ambayo ndiyo tegemeo la wafugaji wa Kabete na Kikuyu, huwa na asilimia saba hadi 10, tena yakikatwa mapema. Yakiachwa yakomae hadi kumpita mtu kimo, hushuka chini ya hapo. Mabua makavu ya mahindi hayafiki hata asilimia sita. Pumba za mahindi zina kama 10 au 11, na kazi yake hasa ni kutoa nguvu. Kinachoinua wastani ni mashudu ya alizeti, ambayo huwa na asilimia 25 hadi 35, au ya pamba. Hayo ndiyo ghali, na ndiyo ambayo kila mtu anatafuta mbadala wake.

Miongoni mwa mbadala zinazopatikana Nairobi, ya kwanza kwa uzito ni machicha, mabaki ya shayiri kutoka kwa watengenezaji wa bia. Wafugaji wa Kiambu na wa pembezoni mwa jiji wameyazoea tangu zamani, na malori ya kuyachukua Ruaraka ni jambo la kawaida. Machicha mabichi yana maji ya asilimia 75 hadi 80, lakini kitu kikavu kilichomo kina protini ya karibu robo nzima. Kilo moja ya machicha hivyo humpa mnyama kama gramu 55 za protini, ilhali kilo moja ya majani ya kabichi haimpi hata gramu 20. Bei za vitu viwili hivi haziwezi kulinganishwa kwa kutazama gunia tu.

Kasoro ya machicha ni kwamba hayavumilii kukaa. Siku tatu nne katika joto huyafanya yachachuke na kuota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu, balaa ambayo Wakenya wanaifahamu vyema kutokana na mahindi. Mwenye kondoo watano hana njia ya kumaliza pipa zima la machicha kwa siku tatu. Hapa ndipo ushirika wa majirani unapofaa kuliko hotuba: wafugaji wanne wakigawana pipa moja, hasara inapungua. Vinginevyo, machicha hushindiliwa ndani ya pipa au mfuko mzito usiopitisha hewa, yakifunikwa barabara, na hivyo huweza kukaa kwa majuma kadhaa.

Mbadala wa pili ni marando, yaani mashina na majani ya viazi vitamu. Yana protini ya asilimia 15 hadi 20 ya kitu kikavu, kondoo huyapenda, na hupandwa hata katika viunga vidogo na katika magunia yaliyojazwa udongo. Maganda ya minji, ambayo huachwa kwa marundo na akina mama wanaochambua mboga sokoni Kangemi na Kawangware, nayo ni chakula kizuri kuliko mabingobingo yaliyokomaa. Ajabu ni kwamba maganda hayo mara nyingi hutupwa, huku majani ya kabichi yakigombewa.

Mti wa kaliandra, uliotoka Amerika ya Kati na kuenezwa na watafiti katika nyanda za juu za Kenya kama ua wa shamba, ni mfano wa lishe mbadala iliyopimwa ikathibitishwa. Majaribio yaliyofanywa Embu na watafiti wa serikali pamoja na wale wa kituo cha kilimo-misitu chenye makao yake Gigiri yalionyesha kwamba kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zaweza kushika nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Majani hayo yana ukali unaokausha ulimi, kwa hiyo kwa kondoo hayafai kuzidi kiasi cha theluthi ya chakula chote. Kwa mwenye ua wa futi 50 hivi, lakini, ni protini isiyonunuliwa.

Mbadala mwingine ni maganda ya ndizi na viazi ulaya, ambayo mikahawa ya katikati ya jiji na vibanda vya chipsi huyatoa kwa wingi kila siku. Mjini Kampala, maganda ya matoke ni chakula cha ng'ombe na mbuzi tangu enzi, na yana biashara yake kamili. Thamani yake iko katika nguvu, si protini. Maganda ya viazi yaliyogeuka rangi ya kijani au kuchipua yana sumu na yafaa yatengwe. Mkate uliochacha na mabaki ya unga wa mikate nayo ni nguvu tupu. Mwana-kondoo akivamia mkate, wali au nafaka nyingi kwa ghafla, tumbo lake la kwanza hujaa asidi, na anaweza kufa kabla ya kesho yake kukucha. Vijidudu vinavyoishi tumboni mwa mnyama acheuaye, ambavyo ndivyo vinavyomeng'enya chakula kwa niaba yake, huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea mlo mpya. Hakuna mbadala unaosamehe haraka katika jambo hili.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ile inayotoka katika banda la kuku. Mbolea ya kuku, ikiwa na vumbi la mbao la sakafuni, imekuwa ikikaushwa na kulishwa ng'ombe katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo, kwa sababu kipimo cha maabara huonyesha protini ya asilimia 20 hadi 30. Magharibi mwa Nairobi, ambako kila ploti ya pili ina kuku wa mayai au wa nyama, mbolea hii hupatikana kwa bei ya kutupa. Sehemu kubwa ya kinachoitwa protini humo si protini halisi bali ni naitrojeni ya mkojo wa ndege, ambayo ni vijidudu vya tumboni tu vinavyoweza kuigeuza. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika kwa kondoo ni madini ya shaba.

Chakula cha kuku na cha nguruwe hutiwa shaba ili kuchochea ukuaji, na sehemu kubwa ya shaba hiyo hupita na kutoka na kinyesi. Ng'ombe huistahimili. Kondoo hana uwezo wa kuitoa mwilini kwa kasi ya kutosha, hivyo huihifadhi katika ini. Barani Ulaya sheria imeweka kikomo cha miligramu 15 za shaba kwa kila kilo ya chakula cha kondoo, huku mbolea ya kuku ikiweza kuwa na kiasi cha mara kadhaa zaidi ya hapo. Kwa majuma au miezi mnyama huonekana mzima, hata hunenepa. Kisha siku moja, baada ya safari ya gari au baridi kali, ini huachilia shaba yote kwa mpigo. Macho hugeuka ya njano, mkojo hutoka mwekundu uliokolea kama kahawa, na ndani ya siku moja au mbili amekufa. Kwa kuwa safari yenyewe mara nyingi ndiyo ile ya kupelekwa sokoni, mwenye mali hupoteza faida siku ile ile aliyoihesabu.

Kwa sababu hiyo hiyo, chakula cha kuku, cha nguruwe na hata chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe havifai kupewa kondoo. Wauzaji wengi wa maduka ya pembejeo huuza "chumvi ya mifugo" bila kuuliza ni mifugo ipi. Mteja ndiye anayepaswa kuuliza, na asome lebo.

Maradhi mengine huwapata madume. Pumba, ziwe za mahindi au za ngano, zina fosforasi nyingi na chokaa kidogo mno. Dume, na hasa lililohasiwa mapema, likilishwa pumba kwa wingi bila nyongeza ya chokaa hupata vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo. Hujikunja, hutweta, haendi haja ndogo, na mwishowe kibofu hupasuka. Kijiko kimoja cha chokaa ya mifugo katika mlo wa siku, na maji safi yasiyokoma, huepusha sehemu kubwa ya balaa hilo. Ni ajabu jinsi jambo dogo hivi linavyosahauliwa katika mafunzo yanayochukua siku nzima.

Kuhusu wale kondoo wanaoachwa wazurure majaani kujitafutia, hapo hakuna cha kuitwa lishe mbadala. Mifuko ya plastiki imekuwa ikitolewa matumboni mwa wanyama vichinjioni kwa miaka mingi, na hiyo ilikuwa mojawapo ya hoja zilizotolewa wakati Kenya ilipopiga marufuku mifuko hiyo kuanzia Agosti 28, 2017. Marufuku yamepunguza mifuko, lakini karatasi za plastiki za mkate, kamba za nailoni na vifungashio vingine bado vimo. Mnyama aliyevimeza hula lakini hanenepi, kwa kuwa nafasi ya chakula imekaliwa. Vivyo hivyo nyasi zinazokatwa kwenye kingo za Mto Nairobi, ambao chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu na ambao hupokea maji ya taka ukipita mitaani, zina mashaka ya vijidudu na madini mazito. Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya mwaka 2006, na hilo lilipunguza hofu juu ya nyasi za kando ya barabara. Maji ya viwanda na mabomba ya majitaka yaliyopasuka hayajaondolewa na sheria yoyote.

Baada ya maonyo yote hayo, mlo unaofaa ukoje? Kwa mwana-kondoo wa kilo 20, mfano mmoja ni huu: kilo mbili za marando yaliyonyaushwa kidogo juani, gramu 300 za pumba za mahindi, gramu 130 za mashudu ya alizeti na gramu 200 za nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa. Jumla yake ni kama gramu 860 za kitu kikavu, zenye protini ya karibu asilimia 15. Anayetaka kuyaepuka mashudu kabisa aweza kuweka mahali pake gramu 650 hivi za machicha mabichi, na protini itabaki pale pale. Majani ya kabichi yana nafasi katika mlo huo kama kiburudisho cha kilo moja au chini yake, si kama msingi. Nyasi kavu zisiondolewe hata zikionekana duni, kwa maana ndizo zinazomfanya mnyama acheue na kulinda tumbo lake dhidi ya asidi. Mnyama akiongezeka uzito, viwango navyo vipandishwe.

Kondoo wa jamii ya Dorper, waliotokana na uzalishaji wa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na ambao wamesambaa sana Kenya, hulipa lishe nzuri kwa kukua upesi. Kondoo mwekundu wa Kimaasai hukua polepole zaidi, lakini ana kinga ya asili dhidi ya minyoo ya tumboni. Utafiti uliofanywa pwani ya Kenya katika miaka ya 1990 na wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, ambayo makao yake ni huko huko Uthiru, uliwalinganisha wawili hao na kuthibitisha tofauti hiyo. Kwa mfugaji wa mjini maana yake ni kwamba Dorper asiyepewa dawa ya minyoo hula mashudu kwa niaba ya minyoo. Dawa hiyo, pamoja na chanjo ya ugonjwa wa utumbo unaowashambulia kondoo wanaolishwa vizuri, hutangulia mlo wenyewe.

Faida iko wapi basi? Mwana-kondoo anayeongeza gramu 120 kwa siku huhitaji siku 75 kufikisha kilo tisa za nyongeza. Anayeongeza gramu 60 huhitaji siku 150 kwa kilo zile zile. Lakini huyu wa pili si kwamba amekula nusu: kiasi kikubwa cha chakula cha kila siku huenda katika kumweka mnyama hai tu, kabla ya gramu hata moja kugeuka nyama. Kwa hiyo anayelisha kabichi tupu kwa miezi mitano kwa kawaida hutumia chakula kingi zaidi, si kidogo, kuliko jirani yake aliyenunua mashudu kwa miezi miwili na nusu. Katika zile kilo tisa za uzito hai, nyama itakayoning'inia kwenye ndoano huko City Market au katika bucha za Kawangware ni takriban kilo nne na nusu. Bei ya nyama hiyo siku ya kuuza, ikiondolewa gharama ya chakula, dawa na usafiri, ndiyo inayoamua kama mbadala fulani ulifaa.

Nchi nyingine zimekwisha pita njia hii. Huko Jordan, nchi isiyo na malisho ya kutosha, watafiti wamewalisha wana-kondoo wa jamii ya Awassi mabaki ya zeituni na ya ufuta, wakipunguza shayiri ya kuagizwa. Nchini Ethiopia, mabaki ya pombe ya kienyeji na mashudu ya mbegu za nug hutumiwa kunenepesha kondoo kabla ya sikukuu. Katika nchi zote hizo mabaki yalipimwa kwanza, yakachanganywa na vingine, wala hayakuwahi kuwa mlo peke yake.

Kupima si jambo la mbali kwa mkazi wa magharibi mwa Nairobi. Bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi la Upper Kabete, ambako wanafunzwa madaktari wa mifugo na wataalamu wa lishe, liko umbali mfupi kutoka Kangemi, na watafiti wa serikali wa KALRO wako Muguga. Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, sura ya 345 ya sheria za Kenya, inataka chakula kinachouzwa kiwe na maelezo ya kilichomo, ingawa gunia la Marikiti halina lebo na halitakuwa nayo. Aidha, sheria ya kilimo cha mijini iliyopitishwa na Bunge la Kaunti ya Nairobi mwaka 2015 ilimtambua mfugaji wa mjini, ambaye kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akiishi kwa hofu ya askari wa baraza la jiji.

Kwa anayelenga Idd-ul-Adha, ambayo huja mapema kwa siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, mwana-kondoo wa kilo 20 anapaswa kuwa bandani, amekwisha kupewa dawa na chanjo, miezi mitatu kamili kabla: majuma mawili ya kuzoea mlo, kisha siku 75 za kunenepa. Anayemnunua zikiwa zimebaki wiki tatu, mlo wowote autakao, atakuwa amenunua kondoo wa kumuuza akiwa jinsi alivyo.